Kalafati: jela na mtaa wa maskini katika enzi ya malkia wa ziwa letu

Tarehe 2 Agosti 1858 London ilipata sheria ya kujenga mitaro mikuu ya majitaka. Kiangazi cha mwaka ule mto Thames ulinuka kiasi kwamba mapazia ya Bunge yalilowekwa katika dawa ya chokaa na klorini ili wabunge waweze kukaa humo na kujadiliana, na jambo lililokuwa limeburutwa kwa miaka mingi likamalizika kwa wiki chache. Kesho yake, tarehe 3 Agosti, Mwingereza aitwaye John Hanning Speke, aliyekuwa ametoka Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, akiwa na wapagazi wake pamoja na mkalimani wake Sidi Mubarak Bombay, alipanda kilima hapa kwetu Mwanza, akaliona ziwa ambalo Wasukuma, Wakerewe na Wazinza walikuwa wakilivua na kulivuka tangu enzi za mababu, akalipachika jina la malkia wake, Victoria. Hakuna aliyepanga siku hizo mbili zifuatane. Hata hivyo, tangu nilipozikuta zimefuatana sijaweza kuzitenganisha, hasa ninapovuka daraja la mto Mirongo wakati wa kiangazi na kulazimika kujifunika pua kwa mtandio.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Mwaka jana, tulipokuwa tukisoma habari za wapelelezi wa Kizungu, mwanafunzi mmoja aliniuliza, “Mwalimu, huyo malkia aliwahi kuliona ziwa lake?” Nilimjibu kwamba hakuliona, na kwamba katika utawala wake wote, kuanzia tarehe 20 Juni 1837 hadi alipofariki tarehe 22 Januari 1901, hakukanyaga bara la Afrika. Mwenzake aliyekaa nyuma akadakia, “Na watu wake kule walikuwa matajiri wote?” Hapo nilijibu kwa sentensi moja ya haraka, sentensi ambayo mwalimu yeyote huitoa kengele ikikaribia kugongwa, nikarudi nyumbani nikiwa siridhiki. Vitabu vyetu hutueleza habari za viwanda, reli na makoloni, lakini havituelezi mtu wa kawaida wa London aliamkaje, alikula nini na alilala wapi. Likizo nzima nilijaribu kutafuta jibu, na mara kwa mara utafutaji huo ulinifikisha penye mlango wa jela, kwa kuwa kwa maskini wa mji ule jela haikuwa mahali pa mbali pa watu waovu, bali ilikuwa mtaani kwao, kama soko na bomba la maji.

Mwaka 1801 London ilikuwa na watu wapatao milioni 1, na malkia alipofariki wamefika kama milioni 6 na nusu. Mji wowote ungezidiwa. Familia nzima ilipanga chumba kimoja, vyoo vya shimo vilifurika chini ya sakafu, na kipindupindu kiliingia mwaka 1832 kikarudi tena na tena. Mwaka 1854 daktari John Snow aliwashawishi viongozi wa mtaa mmoja wang'oe mpini wa pampu ya Broad Street, baada ya kuonyesha kwamba wengi wa waliokufa pale, ambao hatimaye walizidi 600, walikuwa wakinywa maji ya pampu hiyo, ingawa wakubwa wengi waliendelea kuamini kwamba ugonjwa huletwa na harufu. Mhandisi Joseph Bazalgette ndiye aliyeijenga ile mitaro iliyoamriwa mwaka 1858. Sitakaa sana hapo, kwa sababu wasomaji wangu wanaoishi Mabatini, Igogo au mabegani mwa mlima Bugando wanajua bila kufundishwa na mtu kazi ya kuchimba shimo la choo juu ya jiwe.

Kilichonivuta zaidi ni riziki zao. Palikuwa na wachuuzi wa mikokoteni waliouza samaki, matunda na mboga, ambao kila siku walikuwa wakiambiwa na polisi wasogee mbele. Palikuwa na wauza viazi vya kuoka, ambavyo wateja wa usiku wa baridi walivinunua kwanza ili kujipasha mikono na baadaye ndipo wakavila. Palikuwa na watoto walioshuka mtoni maji yakipwa, wakapapasa matope kwa miguu wakitafuta vipande vya makaa ya mawe, misumari na kamba zilizoanguka kutoka melini. Palikuwa na wazee waliookota kinyesi cha mbwa barabarani na kukiuza kwa wenye viwanda vya ngozi, ambako kilitumika kulainisha ngozi. Machinga wa Makoroboi, anayekumbuka jinsi meza zilivyohamishwa kutoka katikati ya mji mwishoni mwa mwaka 2021, angewaelewa watu hao bila mkalimani. Jumatatu mama alikwenda kuweka bondi suti ya mumewe ya kanisani ili apate pesa ya chakula cha wiki, na Jumamosi, mshahara ukiingia, akaikomboa ili mume aivae Jumapili. Jumatatu suti hiyo ilirudi tena kwenye kabati la mkopeshaji.

Mtu aliyekuwa akiishi hivyo alihitaji kuteleza kidogo tu ili afungwe. Sheria ya mwaka 1824 dhidi ya wazururaji, ambayo Victoria aliikuta na kuiacha ikifanya kazi, ilifanya kuwa kosa kuombaomba, kulala nje bila kuwa na njia ya kujikimu inayoonekana, na kushindwa kujieleza vizuri mbele ya askari. Mahakimu wa miji walitoa hukumu fupi, siku saba, siku kumi na nne, mwezi mmoja, na mara nyingi hukumu hiyo ilikuwa ni faini au jela. Asiyekuwa na pesa ya faini siku ile ile alikwenda jela siku ile ile, kwa hiyo sehemu kubwa ya waliojaza magereza ya miji hawakuwa wauaji wala majambazi, bali walikuwa walevi, wachuuzi, watoto wa mitaani na watu waliokosa shilingi chache. Upande wa pili walisubiriwa na nyumba za kazi za maskini, zilizopangwa upya kwa sheria ya mwaka 1834, ambamo mume, mke na watoto walitenganishwa mlangoni na chakula kilikuwa kibaya kwa makusudi ili mtu asivutiwe kubaki. Wapo waliovunja vioo au kuchana nguo za nyumba hizo ili wapelekwe gerezani, kwa kuwa walijua kwamba uji wa gerezani ulikuwa mzito zaidi.

Hapa naomba msomaji asidhani kwamba ninasimulia habari za ng'ambo pekee. Waingereza walipoitawala Tanganyika walituletea Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, na vifungu vyake vya 176 na 177 vinavyohusu watu wavivu na wazururaji vilibeba karibu maneno yale yale ya mwaka 1824, likiwemo lile la mtu asiyeonekana kuwa na njia ya kujipatia riziki na asiyeweza kujieleza. Kijana wa Mwanza aliyezolewa usiku akapandishwa karandinga kwa uzururaji amekumbana na sentensi iliyotungwa kwa ajili ya ombaomba wa London, miaka 34 kabla ya Speke kufika hapa. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika. Maoni hayo niliyasoma mara mbili, na nakiri kwamba niliyafurahia kuliko mwalimu wa historia anavyoruhusiwa.

Sasa tuingie ndani. Mwaka 1842, upande wa kaskazini wa London, lilifunguliwa gereza la Pentonville, ambalo wageni kutoka nchi nyingi walikuja kulitazama na kwenda kuliiga. Lilikuwa na vyumba 520 katika mabawa manne yaliyokutana kwenye ukumbi wa kati, ili askari aliyesimama pale aweze kuyaona mabawa yote kwa kugeuza shingo. Kila chumba kilikuwa na urefu wa mita 4 hivi na upana wa mita 2, na kila chumba kilikuwa cha mtu mmoja. Mfungwa alifanya kazi humo, alikula humo na alilala humo. Jina lake liliachwa mlangoni akapewa namba. Alipotoka kwenda kutembea uani alivaa kofia yenye ukingo ulioshushwa mpaka kidevuni, wenye matundu mawili ya macho, akashika kamba ndefu yenye mafundo yaliyoachana kwa hatua kadhaa, ili asimkaribie aliye mbele yake wala aliye nyuma. Kanisani kila mmoja aliketi ndani ya kiboksi chake cha mbao, akimwona padri peke yake. Waliobuni utaratibu huo hawakuwa watu wakatili kwa nia. Waliamini kwamba uhalifu huambukizwa kwa mazungumzo kama homa, na kwamba mtu akiachwa peke yake na Biblia, dhamiri yake itaamka. Kilichoamka kwa baadhi yao ni wazimu, na muda wa kutengwa, ambao mwanzoni ulikuwa miezi 18, ulipunguzwa ukawa 12, kisha 9.

Wataalamu wa lugha yetu hulitoa neno gereza kwenye igreja ya Kireno, maana yake kanisa. Pwani neno hilo likaambatana na ngome, na Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo wenyeji waliita Gereza, kweli ikafanywa jela na Waingereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Sisi tulilichukua kanisa tukalifanya jela katika neno, na wao wakaichukua jela wakaifanya kanisa katika matofali. Sijui kama wao walicheka, mimi nilicheka.

Jambo moja la Pentonville lilinishangaza kuliko kofia. Gereza lilipofunguliwa, kila chumba kilikuwa na choo cha maji na beseni la shaba la kunawia, wakati ambapo maelfu ya nyumba za watu huru nje ya ukuta zilikuwa na shimo chini ya sakafu. Baadaye vyoo hivyo viliondolewa, kwa sababu vilikuwa vikiziba na kwa sababu wafungwa walikuwa wakiwasiliana kupitia mabomba. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa askari magereza katika kanda hii, asingeamini. Kwake yeye, kama ilivyo kwa Mtanzania yeyote, kufungwa kuliitwa kunyea debe, na msemo huo haukutungwa na mshairi. Mjomba alizoea kutuambia kwamba mfungwa mpya hutishwa zaidi na msongamano wa usiku wa kwanza, pale anapokuta ubavu wake umegusana na ubavu wa mtu asiyemjua, na akigeuka lazima safu nzima igeuke. Nilipokuwa nikisoma juu ya wanaume wa Pentonville waliotamani kugusana bega na binadamu yeyote, nilitamani kumuuliza yeye angechagua kipi, nikakumbuka kwamba ameshatangulia.

Kazi ndiyo iliyokuwa adhabu yenyewe. Palikuwa na gurudumu la kukanyaga, lililobuniwa na mhandisi William Cubitt mwaka 1818, mfano wa ngazi isiyo na kilele, ambalo wafungwa walilipanda kwa saa nyingi, kila mmoja kwenye kizuizi chake, hatua ikizama chini ya mguu kila anapoikanyaga. Katika baadhi ya magereza lilisaga nafaka au kuvuta maji; katika mengine halikufanya kazi yoyote. Na palikuwa na mkono wa chuma wa kuzungusha, uliofungwa kwenye sanduku lenye mchanga na pawa ndani yake na saa ya kuhesabu mizunguko, ambao kazi yake ilikuwa kuhesabiwa tu. Katika gereza la Birmingham mwaka 1853 mvulana wa miaka 15 aliyeitwa Edward Andrews, aliyefungwa kwa kuiba ratili 4 za nyama, alitakiwa kuzungusha mara 10,000 kwa siku: mara 2,000 kabla ya kifungua kinywa, 4,000 kabla ya chakula cha mchana na 4,000 kabla ya chakula cha jioni. Akishindwa alinyimwa chakula, akamwagiwa maji, akafungwa wima ukutani kwa koti la mikanda. Mwezi Aprili alijinyonga chumbani mwake. Tume ya uchunguzi iliundwa, na mkuu wa gereza, William Austin, naye akahukumiwa kifungo cha miezi mitatu. Ratili 4 ni chini ya kilo 2. Kila ninapopita buchani nikaona kilo mbili zimening'inia kwenye ndoano, hesabu ile ya 2,000 na 4,000 na 4,000 hunijia yenyewe.

Kazi iliyoenea kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa ya kuchambua kamba, na hapo ndipo nililazimika kufunga daftari na kwenda mwaloni, ufukweni penye mitumbwi. Kamba kuukuu za meli, ngumu kwa lami na chumvi, zilikatwa vipande vya urefu wa kiganja au zaidi, akapewa mfungwa azifumue kwa vidole, uzi mmoja mmoja, mpaka zirudi kuwa nyuzi laini kama manyoya. Nyuzi hizo ziliuzwa kwa waunda meli, wazishindilie kati ya mbao ili maji yasipenye. Kiingereza kina neno la peke yake kwa kitu hicho, nami nilihangaika kulitafutia tafsiri hadi nikaona aibu, kwa kuwa tunalo na limekuwepo siku zote: kalafati. Watu wa pwani hukalafati majahazi, na fundi wa mitumbwi wa huku ziwani hukalafati mtumbwi wake kwa pamba.

Fundi niliyemkuta karibu na Kirumba ni mzee wa Kisukuma ambaye ameunda mitumbwi tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa amepiga goti kando ya mtumbwi uliopinduliwa, akisokota pamba kwa kidole gumba kuwa uzi mnene, akiulaza kwenye ufa kati ya mbao mbili na kuushindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti, tok, tok, tok, kwa mwendo usiobadilika, kisha akisogea shubiri moja. Nilimwamkia, nikamweleza nilichokuja kutafuta. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kugonga.

“Kwa hiyo huko Ulaya hawakuwa na pamba?” aliuliza.

“Pamba walikuwa nayo, babu, tena nyingi. Walikuwa na wafungwa wengi zaidi.”

Aliona hilo ni jibu la maana. Akanitupia kipande cha kamba ya katani ya nanga, iliyokaa majini hadi ikawa nyeusi, akasema, “Haya, mwalimu, jifunge.”

Nilikaa juu ya ndoo iliyoinamishwa, nikaanza. Kamba ya kusokotwa imeundwa ili isifumuke, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo vidole hulielewa. Lazima kwanza uipinde na kuigonga ilegee, uifungue minofu yake mitatu, kila mnofu uusokote kinyume cha ulivyosokotwa, uugawe kuwa nyuzi, na kila uzi uukwangue kwa kucha hadi uachane. Baada ya robo saa kucha ya kidole gumba ilikuwa imeinuka upande mmoja. Baada ya nusu saa nilikuwa nimeacha kufikiri jambo lolote, hata historia. Saa moja ilipotimia nilikuwa na konzi moja ya manyoya meusi, ambayo fundi aliipima kwa kuirusha kiganjani, akatikisa kichwa. Mfungwa wa kazi ngumu wa London alidaiwa ratili 3 hadi 6 kwa siku, yaani kama kilo moja na theluthi hadi karibu kilo tatu, na wanawake na wazee wa nyumba za kazi walidaiwa pia sehemu yao. Konzi yangu nadhani haikufika gramu hamsini.

“Hii haizibi hata tundu la panya,” alisema babu, ila hakuitupa. Aliisokota pamoja na pamba yake, akaishindilia karibu na mkuku, mahali ambapo, aliniambia, hata ikioza hakuna atakayezama. Nilimuuliza kama angempa kazi mtu aliyetoka jela. Alisema kwamba wawili kati ya vijana wake wametoka huko, mmoja alipigwa mvua tatu, na kwamba kijana aliyejifunza kukaa kimya huko ndani hukalafati vizuri kuliko hawa wenye simu. Vijana wenye simu walikuwepo wakisikiliza, wakacheka. Nikadhani maneno hayo husemwa kila siku.

Kwa mengine nitapita haraka. Kuwapeleka wafungwa Australia kulikoma mwaka 1868, meli ya mwisho ilipowashusha upande wa magharibi wa nchi hiyo mwezi Januari. Mwaka huo huo, tarehe 26 Mei, alinyongwa mtu wa mwisho hadharani mbele ya gereza la Newgate, na tangu hapo kunyonga kukahamia ndani ya kuta. Kabla ya hapo wenye nyumba zilizotazamana na gereza walikodisha madirisha yao kwa siku za kunyonga. Sheria ya mwaka 1865 iliweka kazi ngumu, chakula kigumu na ubao mtupu wa kulalia, na mwaka 1878 serikali kuu ikayachukua magereza yote ya miji na kuyaendesha kwa ratiba moja na kanuni moja, sare zikipigwa chapa ya mshale mpana kuonyesha kwamba nguo ni mali ya serikali, na pengine aliye ndani yake pia. Gurudumu na mkono wa chuma vilifutwa mwaka 1898, malkia akiwa amebakiza miaka miwili na kitu ya kuishi. Watoto waliendelea kufungwa jela za wakubwa, ingawa kwa uchache, hadi sheria ya mwaka 1908 ilipowazuia walio chini ya miaka 14.

Lakini kuhusu deni siwezi kupita haraka, kwa sababu ndilo lililoniletea mgeni barazani.

Katika London ya zamani mtu aliyedaiwa aliweza kufungwa na mwenye kumdai, akakaa gerezani hadi alipe, huku yeye mwenyewe akilipia chumba na chakula cha humo. Mwezi Februari 1824, Victoria akiwa bado mtoto wa miaka 4, baba wa mwandishi wa riwaya Charles Dickens alipelekwa gereza la Marshalsea kwa deni la pauni 40 na ushei alilokuwa akidaiwa na mwoka mikate, na Charles, aliyekuwa na miaka 12, akaendelea kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu, akibandika karatasi kwenye vyungu. Mama na wadogo zake walihamia gerezani na baba, kwa kuwa hawakuwa tena na kodi ya nyumba. Familia zilipika humo, watoto walitoka asubuhi na kurudi kabla ya lango kufungwa, na wachuuzi waliingia na kutoka. Marshalsea ilifungwa mwaka 1842, na sheria ya mwaka 1869 ikasemekana kwamba imefuta kifungo cha deni. Ilifuta cha mfanyabiashara mkubwa. Mfanyakazi aliyenunua kitu kwa mkopo na kuonekana mbele ya hakimu kwamba angeweza kulipa lakini hakulipa aliendelea kufungwa hadi wiki sita, na wengi waliofungwa hivyo walikuwa watu wa mshahara mdogo.

Jirani yangu ni mfanyabiashara wa dagaa. Huwanunua mwaloni, huwaanika juu ya mchanga na kuwasafirisha kwa magunia. Mwaka huu mvua ilimwozea mzigo mara mbili, naye alikuwa ameshachukua mkopo wa kausha damu, ule wa kurejesha kila wiki, ambapo ukikosa wiki moja wanakuja kukaa sebuleni kwako wakitazama televisheni kana kwamba tayari ni yao. Safari hii walimtajia mahakama na jela. Jioni alikuja kwangu, kwa imani kwamba mtu anayesoma usiku anajua sheria.

Nilimwambia kwamba mimi si wakili na kwamba aende kwenye msaada wa kisheria, lakini kwa kuwa nilikuwa nimetoka kusoma, nilimweleza ninachokifahamu. Kushindwa kulipa deni si jinai. Hata hivyo, Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, ambayo Waingereza waliipitishia India kabla haijatufikia, bado inamruhusu aliyeshinda kesi aiombe mahakama imfunge mdaiwa kama mfungwa wa madai, kwa muda usiozidi miezi sita, na mahakama hutakiwa kwanza kumsikiliza mdaiwa aeleze kwa nini asifungwe. Kisha nikamwambia na kile kifungu cha posho: anayetaka mwenzake afungwe kwa deni ndiye anayelipa mahakamani gharama za kumlisha, na asipolipa, mfungwa anaachiliwa.

Alikaa kimya kidogo, kikombe cha chai mkononi.

“Ngoja, mwalimu. Huyo anayenidai ndiye atakayeninunulia ugali?”

“Ndivyo sheria inavyosema.”

“Na mboga?”

Nilimwambia kwamba kuhusu mboga sikuona kifungu. Akanywa chai yake ikaisha, akaniomba nimwandikie namba ya sheria hiyo kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwa sababu Jumatano wale watu wa marejesho wangekuja tena kukaa sebuleni kwake, naye alitaka awasomee kabla taarifa ya habari haijaanza.